Bitana ya Tumboni

Fundi huyu alikuwa akiomba radhi hata kwa makochi. Kabla ya kupigilia msumari wa kwanza kwenye mguu wa kiti, alisema "samahani" kwa sauti ndogo, ndipo agonge. Karakana nzima ilimcheka mpaka ikachoka, mwishowe ikampa jina hilo hilo. Wateja nao wakalichukua. Ukifika pale kuulizia kochi lako uliambiwa mtafute Samahani, yuko kule nyuma kwenye sponji.

Kwa kazi hakuwa na mpinzani. Akiletewa kochi kuukuu alilivua kitambaa, akang'oa sponji lililokwisha kwa kukaliwa, akakaza upya mikanda ya chini, akafunga springi moja moja kwa kamba, na kabla ya kuvalisha kitambaa kipya alitandaza bitana, kitambaa cha ndani. Mafundi wengi huiruka bitana kwa kuwa mteja haioni. Yeye hakuiruka hata siku moja. Alisema kochi lisilo na bitana ni kama mtu aliyevaa koti bila shati, na hiyo ndiyo ilikuwa hotuba ndefu kuliko zote alizowahi kutoa.

Aibu ndiyo iliyomponza. Uvimbe ulimwanzia kinenani, mdogo kama ndimu, ukitokea anaponyanyua mzigo na kurudi ndani anapolala. Ilikuwa ngiri, na yeye mwenyewe alijua ni ngiri, lakini mahali penyewe palikuwa pabaya kutaja. Amwambie nani? Daktari angetaka kuangalia. Mkewe angemwambia aende kwa daktari. Basi Samahani akafanya anachokijua: akajishonea mkanda. Alichukua utepe mgumu wa chini ya makochi, akaweka kipande cha sponji pale penye uvimbe, akakivisha bitana laini isimchubue, akamalizia na bizimu la chuma la begi la safari. Mkanda mzuri, tusimnyime haki yake. Mkewe alipouona, alimwambia ni wa mgongo.

Basi ikawa mchana mmoja wanatoa kochi la watu watatu, la mahameli nyekundu, yeye na fundi mbao, mshirika wake wa miaka mingi. Walipolinyanyua kulipandisha kwenye pikapu, Samahani alihisi kitu kimechomoka chini ya mkanda na kugoma kurudi. Maumivu yakaja. Sasa hapo ndipo ujue ufundi unavyoweza kumwingiza mtu matatani. Katika kazi yake, kitu kikichomoza dawa yake ni kukikaza. Springi ikichomoza, unakaza. Sponji likifura, unakaza. Akaenda nyuma ya marundo ya sponji, akashika bizimu, akakaza tundu moja, kisha la pili, kisha akasimama kwa mguu mmoja na kukaza la mwisho.

Fundi mbao alimkuta amelala chini, jasho linamtiririka, ametapika kwenye ndoo ya gundi.

"Wewe, una nini?"

"Samahani," akasema Samahani. "Ndoo nitaiosha."

"Achana na ndoo! Una nini?"

Akamwonyesha. Fundi mbao alifungua mkanda ule, akaona uvimbe umekuwa mgumu, umewiva kwa wekundu. Kisha akaita watu. Hapakuwa na gari jingine, na kochi lilikwisha kupakiwa. Wakamlaza juu yake.

"Wekeni nailoni chini," Samahani alinong'ona. "Mahameli ya watu hiyo."

Wakaweka nailoni, kwa sababu bila hivyo alikuwa anajaribu kushuka. Na hivyo ndivyo alivyopita mjini, amejinyoosha juu ya kochi la mteja nyuma ya pikapu, akitazama juu. Waya za umeme zilipita. Vibao vya maduka vilipita, vimeinama. Mwanamke mmoja aliyekuwa akianika nguo ghorofani alimtazama, naye kwa mazoea akampungia mkono. Maumivu yalikuwepo, lakini yalianza kukaa mbali kidogo, chumba cha pili. Aliwaza jambo moja tu: mtoto wao mchanga bado kitovu hakijakauka vizuri, na yeye bado hajapata kumwogesha.

Hospitalini daktari wa upasuaji, mama mmoja mwembamba mwenye miwani, alimgusa mara moja tu. Kipande cha utumbo kilikuwa kimetoka na kubanwa kwenye tundu kilipotokea, akamwambia, na kilipobanwa damu nayo ikakatika. Damu ikikatika sana utumbo unakufa. Hakukuwa na la kusubiri. Akauliza kama ana swali.

"Tafadhali," alisema Samahani, "mwambieni fundi mbao apeleke kochi."

Walimchoma sindano ya ganzi mgongoni. Miguu ikaaga. Kisha wakamtia dawa ya kumtuliza mkononi, na kitambaa cha kijani kikasimamishwa mbele ya kifua chake kama pazia la dirisha. Hakulala, wala hakuwa macho. Alikuwa mahali pa katikati, na huko alijikuta akitembea.

Alitembea peku katika ukumbi mrefu, mwembamba, unaopinda kila baada ya hatua chache. Sakafu ilikuwa laini, kuta laini, dari laini, vyote mahameli, vyote vuguvugu. Manyoya ya kitambaa yalisogea chini ya nyayo zake, yakainuka tena alipopita. Hakuuliza ni wapi. Upande wa pili wa ukuta alisikia mvumo wa damu, na upande huu alikokuwa yeye palijaa wasafiri wengi wadogo wadogo, wachafu wa kila aina, wamejipanga na mizigo yao, wanangoja. Walitaka kuvuka. Ukuta haukuwaruhusu, nao hawakugombana nao. Alipita katikati yao akiomba njia, nao wakampisha.

Alipofika mbele, mahameli ilikuwa nyeusi. Manyoya yalikuwa yamelala, hayainuki. Aliweka kiganja ukutani, pakawa baridi. Wasafiri walikuwa wameanza kusogea pale, kimyakimya, wakiugusa ukuta kwa vidole, wakitafuta mahali palipolegea.

"Bado?" sauti ilisema kutoka juu.

"Bado, daktari. Ni nyeusi bado."

"Nimeshaiachia. Leteni taulo nyingine za maji ya moto. Si ya kuunguza, ya vuguvugu. Ifunikeni yote. Tusubiri."

Wanawake asiowajua wakaingia ukumbini na vitambaa vilivyolowa, vinatoa mvuke, wakavitandaza ukutani na kuvishikilia kwa viganja. Samahani akapenyeza mikono yake kati ya mikono yao, akashika naye. Hajawahi kusubiri kitu namna ile, hata watoto wake wakizaliwa. Alisema samahani kwa ukuta. Alisema tena. Alijua sasa amefanya nini. Yeye ndiye aliyekaza.

"Mnaona pale?" sauti ikasema. "Rangi inarudi. Angalieni pembeni, inarudi."

"Imebaki pale katikati, daktari."

Mvuke ukapanda.

"Kile kipande sikiamini," sauti ikasema. "Lakini sikikati leo. Nakipa nafasi."

Alipopata fahamu zake sawasawa alikuwa wodini, dripu mkononi, jua la asubuhi limejaa dirishani, na daktari amesimama miguuni pake. Fundi mbao alishamweleza daktari kila kitu getini, habari za mkanda, habari za kochi, kwa hiyo daktari alijua anaongea na nani.

"Fundi, wewe unajua bitana," alisema. "Utumbo wako una bitana kwa ndani. Tena ni ya manyoya manyoya, kama mahameli. Hiyo ndiyo inayozuia uchafu wa tumboni usiingie kwenye damu. Damu ilipokatika, yenyewe ndiyo iliyoumia kwanza, kabla ya ukuta wenyewe."

Samahani alimtazama kama mtu aliyesomewa ndoto yake.

"Sasa damu imerudi?" aliuliza.

"Imerudi, na hapo pana kioja. Damu inaporudi kwa kishindo inaumiza tena, mara ya pili. Ndiyo maana dripu inakwenda polepole na nimekuwekea dawa za kuua vijidudu. Bitana yenyewe hujishona upya ikiachwa ipumue. Ila kuna kipande kimoja nina wasiwasi nacho. Nikijua utumbo umeamka, tunaanza kukupa vitu vyepesi, kijiko kijiko, kwa sababu bitana hiyo hula kwanza kile kinachopita juu yake. Usipoamka, tumbo likajaa, narudi ndani na kukikata."

"Utajuaje kama umeamka?"

"Utatoa upepo," alisema daktari bila kupepesa macho. "Ukitoa tu, mwambie sista."

Samahani aliona uso unamwaka moto. Upepo! Mtu aliyeficha ngiri kwa aibu, sasa uhai wake unategemea ajambe na kutangaza.

Hilo peke yake angelimudu. Angepiga moyo konde, angengoja wenzake wa wodini wasinzie. Lakini mkewe ana mtoto mchanga, na watoto wachanga hawaruhusiwi wodini. Kwa hiyo aliyekuja kumuuguza, aliyeingia na mkoba wake, akavuta kiti cha chuma mpaka ubavuni mwa kitanda na kukaa, alikuwa mama mkwe.

Inafaa ujue jinsi wawili hawa walivyoishi. Tangu aoe, Samahani hakuwahi kukaa na mama mkwe chumba kimoja zaidi ya muda wa salamu. Mama akija kwao, yeye humsalimia ameinamisha kichwa, kisha anakumbuka kazi karakana. Hakula mbele yake. Hakupiga chafya mbele yake. Alikuwa akitoka nje. Mama naye alikuwa mwanamke mrefu, mkimya, mjane, ambaye uso wake haukukusaidia kujua anawaza nini. Samahani aliamini siku zote kwamba mama yule anamwona mkwe dhaifu. Wala hakuwahi kuthubutu kuuliza.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Pole, mwanangu."

"Nimeshapoa, mama."

Mazungumzo yakaisha hapo. Mama akakunja mikono mapajani na kumlinda.

Dawa ya maumivu ilimfanya Samahani aelee. Wodi ilikuja na kwenda. Pazia la dirisha lilijaa hewa, likashuka, likajaa tena, naye akaona ni tumbo la mtu linapumua. Alirudi kwenye ule ukumbi wa mahameli mara kadhaa, akiugusa ukuta kwa kiganja, akikuta pale katikati bado pana ubaridi. Na ilikuwa katika moja ya safari hizo ndipo akasikia, mbali kabisa, mngurumo mdogo. Ukumbi ukatikisika. Kitu kilikuwa kinakuja kinazunguka kona moja baada ya nyingine. Alifungua macho. Kitu kile kilikuwa kimefika mlangoni, na mama mkwe alikuwa pale pale, anamtazama.

Akajikaza kisabuni. Akabana kila kinachobanika mwilini. Kikarudi kilikotoka, kikimchoma njia nzima.

"Umetoa upepo, baba?" sista aliuliza alipopita, kwa sauti ya kusikika mpaka kitanda cha mwisho.

"Bado," alisema Samahani, na kweli hakusema uongo.

Mngurumo ulirudi tena asubuhi ilipokomaa. Akabana tena. Alikuwa amejiwekea mpango: mama akitoka kidogo tu, hata kwenda msalani, atamaliza jambo lake. Lakini mama hakutoka.

"Mama, labda ungekwenda nje ukapunge hewa."

"Hewa ipo hapa."

"Hujachoka, mama?"

"Nimekaa tu, mwanangu. Nichoke na nini?"

Mchana ukaingia. Tumbo likaanza kufura. Lingefura kidogo hata hivyo, ndivyo matumbo yaliyopasuliwa yalivyo, lakini huyu alikuwa akiliongezea kwa bidii zake mwenyewe. Kila alipobana liligoma zaidi, na baadaye hata alipojaribu kulegeza kidogo, kwa wizi, chini ya shuka, halikutaka tena. Lilikuwa limekaza. Sasa aliogopa kweli. Alitaka kumwambia sista, lakini angesemaje, na mama amekaa pale? Aseme nini? Akafumba macho, akatafuta ukumbi wake, akakuta wasafiri wamejaa mpaka darini, wamesongamana, wanasukuma ukuta.

Daktari alikuja, akaweka mkono juu ya tumbo, akaligonga kwa vidole. Likalia kama ngoma. Akaweka kipimo cha kusikilizia, akainama kwa muda.

"Kuna kitu nakisikia kwa mbali," alisema. "Lakini sauti peke yake hainitoshi. Hujatoa chochote?"

Samahani alitikisa kichwa.

Daktari alivua miwani, akajifuta macho. Alikuwa amechoka na hakuficha. "Basi kile kipande kimenishinda. Sista, waambieni chumba cha upasuaji tunarudi."

Wakaleta kitanda cha magurudumu, wakakisimamisha kando. Sista akaanza kukunja shuka. Samahani aliona dari, akaona uso wa mtoto wake ambaye hajamwogesha, akafungua mdomo kusema, na mdomo ukatoa neno lile lile la siku zote.

"Samahani," alisema.

Mama mkwe akasimama.

Alikuwa amemtazama mtu huyu tangu asubuhi. Alilea watoto, akauguza mume, na hakuna kinachofanywa na uso wa mtu anayebana tumbo asichokijua yeye. Ila hakuwa ameamini. Sasa aliamini.

"Sista, hebu ngojeni kidogo," alisema. Kisha akainama mpaka uso wake ukawa karibu na wa mkwewe, karibu kuliko ulivyowahi kuwa. "Mwanangu. Unabana?"

Samahani akafumba macho.

"Nijibu. Unabana kwa ajili yangu?"

Chozi likamtoka, likaingia sikioni. Akaitikia kwa kichwa.

Mama hakucheka. Daktari alikuwa mlangoni, akageuka, akasimama. Mama mkwe akakaa kitandani, kitandani penyewe, si kwenye kiti, akaweka kiganja chake kikubwa juu ya tumbo lile lililofura.

"Baba yake mkeo," alisema, "alikaa na kitu mwilini mwake, mimi sikijui ni nini mpaka leo. Nikimwuliza, ananiambia ni uchovu. Nililala naye kitanda kimoja na sikujua. Alikuwa ananiheshimu. Wote mnaniheshimu." Akampangusa mkwewe chozi. "Mimi heshima hiyo siitaki. Siwezi kurudi nyumbani nikamwambia binti yangu mumewe amenistahi mpaka amekufa. Unanisikia? Nakupenda, mwanangu. Ukiwa na aibu, kuwa nayo, lakini ukiwa mzima. Legeza."

Hakuwahi kuambiwa maneno hayo na mtu mzima yeyote tangu mama yake mzazi afariki. Aliyasikia yakishuka, polepole, kona baada ya kona, kwenye ukumbi wa mahameli. Mama akawa anamkanda tumbo kwa mviringo, vile watu wanavyomkanda mtoto mchanga. Pale katikati ya ukuta, palipokuwa na ubaridi, manyoya yakatikisika, moja, kisha mengine, yakainuka.

Upepo ulianza kwa unyenyekevu, kama mwenyewe alivyo. Kisha ukasahau adabu. Ulikuwa mrefu, wa ngazi kadhaa, ukapumzika katikati na kuendelea, na mgonjwa wa kitanda cha dirishani, ambaye hakuwa amesema neno tangu aletwe, akasema, "Hongera sana!" Watu wakapiga makofi. Sista alicheka mpaka akashika chuma cha kitanda. Daktari alirudi, akaweka mkono tumboni, akasubiri, akasikiliza, kisha akaweka kipimo chake mfukoni taratibu.

"Rudisheni hicho kitanda," alisema. "Utumbo umeamka."

Mama mkwe alitoa simu mkobani, akampigia binti yake, na kwa sauti ambayo haikujua wodi ina watu akamwambia, "Ametoa! Mumeo ametoa upepo! Ndiyo! Mimi nilikuwepo!" Kwa upande wa pili mke alisikika akilia tu, na mtoto akilia naye.

Jioni ile waliruhusu uji mwepesi, uliochujwa, nusu kikombe. Samahani alinyoosha mkono, lakini mkono wenye dripu ulikuwa mzito na ule mwingine haukufika kikombeni. Mama mkwe akachukua kijiko. Akateka kidogo, akaupuliza, akausogeza mdomoni mwake. Mtu huyu hakuwahi kula mbele yake hata tonge. Alifungua mdomo. Uji ulikuwa vuguvugu, ukateremka, akauhisi unashuka mpaka kwenye mahameli yake iliyochubuka, ukipita juu yake taratibu. Alikuwa analia bila kujificha, machozi yanaingia kwenye kijiko.

"Lia tu, mwanangu," alisema mama mkwe, akiteka kingine. "Lakini meza."